Mtoto wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anayetaka udaktari: njia ya pili ipangwe kabla ya matokeo

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na familia nyingi huanza kuulizana "sasa tufanyeje?" siku hiyohiyo. Wakati huo dirisha la udahili liko wazi kwa muda mfupi tu, mtoto ana huzuni, na uamuzi wa miaka mitano unafanywa kwa pupa. Kama mshauri wa udahili, nawaomba wazazi: kaeni na mtoto angali kidato cha tano.

Anzeni na hesabu. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. MD, yaani shahada ya udaktari, inataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi huanza kwenda kwa wenye pointi nyingi. Ndiyo maana mwenye sifa huachwa na chuo cha Muhimbili na akapokelewa kwingine. Basi aombe pia vyuo vya Bugando, KCMC, UDOM (Dodoma), Mbeya, Ifakara au SUZA (Zanzibar). Kwa vyuo binafsi, semeni ukweli kuhusu ada kabla hajaomba, asije akachaguliwa mahali ambapo hamtaweza kumlipia.

Chaguo zinazofuata MD zisiwe za kujazia fomu. Famasia, uuguzi, maabara, udaktari wa meno: kila moja ni kazi kamili, na mtoto aijue kabla ya kuiandika. Anayeandika kozi asiyoitaka mara nyingi ndiyo anayoipata, halafu anaiacha mwaka wa kwanza na mkopo wake unavurugika.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni stashahada ya utabibu (Clinical Medicine), na wazazi huidharau bila sababu. Ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi 6 ya elimu ya ufundi (NTA), na huingiwa kwa cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia. Akimaliza ni tabibu mwenye taaluma mkononi. Akipata GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi, anaweza kuomba MD, mradi kidato cha nne awe na angalau D katika fizikia, kemia, baiolojia, hisabati na Kiingereza. Hapo kwenye hisabati ndipo wengi hukwama: wamemaliza stashahada vizuri, lakini F ya zamani inawafungia mlango. Dawa yake ni kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, mapema, si baada ya kuhitimu. Na msichanganye: stashahada ya uuguzi, famasia au maabara haihesabiwi kama ya utabibu kwa kuingia MD.

Kurudia kidato cha sita kunafaa kwa aliyekosa kidogo katika somo moja. Kikwazo ni mtihani wa vitendo. Mtahiniwa wa kujitegemea asiye na maabara ya kufanyia mazoezi hujifunza taitresheni kwenye daftari, na alama hazipandi. Tafuteni kwanza kituo chenye maabara, ndipo mlipe ada ya usajili.

Kusoma nje? Kabla wakala hajapokea hata shilingi, ulizeni TCU kama chuo kinatambuliwa, na Baraza la Madaktari Tanganyika kuhusu masharti ya usajili atakaporudi. Vita vya Ukraine mwaka 2022 na Sudan mwaka 2023 viliwakatiza masomo vijana wetu wengi, kwa hiyo usalama wa nchi uwe kwenye hesabu pia.

Namna ya kusema nayo ina uzito. "Ukifeli utakwenda utabibu" humfanya mtoto aione njia hiyo kuwa adhabu. Mwambie, "Mwanangu, kufika wodini kuna barabara hii na hii, tuzipime." Mwache ajaze fomu mwenyewe, wewe ukague.

Namba ya simu kwenye maombi iwe inayopatikana muda wote. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, na asipofanya hivyo kabla ya tarehe ya mwisho anaweza kuipoteza nafasi aliyokwisha kuipata.