"Haiwaki" Si Ugonjwa Mmoja: Dhana Potofu Kuhusu Linux Inayogoma Kuwaka

Mtu anayempelekea fundi kompyuta yenye Linux hueleza tatizo lake kwa neno moja tu, "haiwaki", na neno hilo hubebeshwa mzigo usiolingana nalo. Kompyuta isiyoonyesha hata taa, kompyuta inayoonyesha nembo ya kiwanda kisha ikakwama kwenye maandishi meupe, na kompyuta inayofika hadi mahali pa kuandika nywila kisha skrini ikawa giza, zote husemwa haziwaki, ilhali kila moja ina tatizo lake. Dhana potofu nyingi juu ya jambo hili huzaliwa hapo, kwa sababu mwenye kompyuta hutafuta dawa kabla ya kujua mfumo umekwama wapi.

Kuwaka kwa Linux ni kupokezana kijiti. Programu ya madabodi, yaani BIOS katika kompyuta za zamani na UEFI katika za sasa, huamka kwanza na kukagua vifaa, kisha huikabidhi kazi GRUB, programu ndogo ya kuwashia mfumo. GRUB huipakia kerneli, yaani kiini cha Linux, pamoja na furushi dogo la mafaili liitwalo initramfs, ambalo ndani yake mna draiva za kuifikia diski. Kerneli ikishaipata sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe, humwachia kijiti systemd, ambaye katika distro nyingi, yaani matoleo ya Linux kama Ubuntu au Fedora, ndiye anayeanzisha huduma zote hadi ukurasa wa kuingilia. Ukijua kijiti kilianguka mikononi mwa nani, nusu ya kazi imekwisha.

"Dawa ya haraka ni kusakinisha upya"

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote, na nasikitika kwamba baadhi ya mafundi ndio wanaoieneza. Mara nyingi mafaili ya mtumiaji yaliyomo ndani ya /home huwa mazima kabisa, na kilichoharibika ni faili moja la mipangilio au mstari mmoja ulioandikwa vibaya. Niliwahi kumwona mwanafunzi aliyepoteza rasimu ya tasnifu yake kwa sababu aliyemsaidia alibonyeza chaguo la kufuta diski yote, kumbe kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa madabodi. Na baada ya kusakinisha, mfumo mpya ulikwama pale pale ulipokwama wa zamani.

Jambo la kwanza ni kuiwasha kompyuta kwa flashi ya usakinishaji, kuchagua kuujaribu mfumo bila kuusakinisha, kuipachika diski ya ndani (yaani kuiunganisha na mfumo ili mafaili yake yasomeke) na kunakili mafaili kwenye diski ya nje. Kazi hiyo ikishafanyika, hata kosa utakalolifanya baadaye halitakugharimu zaidi ya muda.

"Nikiona grub rescue, diski imekufa"

Mwenye kompyuta akiona skrini nyeusi yenye maneno "grub rescue>", hudhani amepoteza kila kitu. Kwa kweli maneno hayo yana habari njema ndani yake: diski imesomeka kiasi cha kuiamsha GRUB, ila GRUB haikuzipata moduli zake, yaani vipande vyake vilivyobaki. Sababu ya kawaida ni kwamba mtu alifuta au kugawa upya sehemu za diski, na anwani ambayo GRUB iliikumbuka haipo tena. Ukiona "grub>" peke yake bila neno "rescue", hali ni nafuu zaidi, maana moduli zimepatikana na kinachokosekana kwa kawaida ni faili la menyu tu.

Katika hali ya kwanza, amri ya ls huorodhesha sehemu za diski kwa majina kama (hd0,gpt2), na hapa wengi hupotea kwa sababu GRUB huhesabu diski kuanzia sifuri lakini huhesabu sehemu zake kuanzia moja. Ukiipata sehemu yenye folda ya /boot/grub, andika set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub, kisha insmod normal, kisha normal, na menyu itarudi. Menyu hiyo imerudi kwa mara hiyo moja tu, kwa hiyo mfumo ukishawaka ni lazima GRUB isakinishwe tena.

Hapo napo pana mtego. Kwenye kompyuta ya BIOS yenye mgawanyo wa zamani wa MBR, amri huelekezwa kwenye diski nzima, kama grub-install /dev/sda, wala si kwenye /dev/sda1, kwa sababu BIOS husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, na katika hizo ni 446 tu zilizotengwa kwa ajili ya programu ya kuwashia. UEFI haina mambo hayo. Yenyewe hutafuta mafaili ndani ya sehemu ndogo ya diski yenye muundo wa FAT. Kwa hiyo ukiiwasha flashi kwa namna ya BIOS ili utengeneze mfumo uliosakinishwa kwa UEFI, utaandika GRUB mahali ambapo hakuna atakayeisoma. Kabla ya kutoa amri yoyote, angalia kama folda ya /sys/firmware/efi ipo: ikiwapo, umeingia kwa UEFI.

"Windows imeifuta Linux"

Malalamiko haya husikika sana kwa wenye mifumo miwili kwenye kompyuta moja, nayo hayakosi chembe ya ukweli. Windows inaweza kujiweka juu ya orodha ya mifumo ambayo UEFI huihifadhi kwenye madabodi, lakini kushushwa kwenye orodha si kufutwa. Bonyeza kitufe cha kuchagulia mfumo wakati wa kuwasha, ambacho katika kompyuta nyingi ni F12 au F9, na mara nyingi utaiona Linux ikisubiri pale pale ilipokuwa. Ukiingia, amri ya efibootmgr itakuonyesha orodha hiyo na kukuruhusu kuipanga upya.

Kuna mshukiwa mwingine ambaye watu humsahau, hasa kwa kompyuta za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko. Ni betri ndogo ya mviringo iliyopo kwenye madabodi, kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na baadhi ya madabodi hurejea kwenye mipangilio ya kiwandani kila umeme unapokatika. Kompyuta iliyosakinishwa Linux huku vidhibiti vya diski vikiwa kwenye namna iitwayo AHCI, ikijikuta asubuhi imerudi kwenye namna nyingine iitwayo RAID, inaweza kushindwa kuiona diski yake yenyewe. Kabla ya kuitukana Windows, tazama saa.

"Secure Boot iliwekwa kuizuia Linux, izime na usahau"

Secure Boot ni ulinzi wa UEFI unaokubali kuwasha programu zenye saini inayotambulika tu. Ubuntu inakubaliana nao tangu toleo la 12.10, lililotoka mwaka 2012, kwa kutumia programu ndogo iitwayo shim, yenye saini ya Microsoft, ambayo nayo huithibitisha GRUB. Kwa hiyo distro kubwa hazihitaji ulinzi huo uzimwe ili ziwake. Kinachokataliwa mara nyingi ni draiva isiyo na saini, kwa mfano ya kadi za Nvidia, na hapo mfumo huwaka ila kadi haitumiki ipasavyo.

Hata hivyo, anayeilaumu Secure Boot hazungumzi hewani. Sasisho la Windows la tarehe 13 Agosti 2024 lilikataza matoleo ya GRUB yenye udhaifu unaojulikana tangu 2022, na ingawa Microsoft ilikusudia kuziruka kompyuta zenye mifumo miwili, nyingi hazikutambuliwa na zikagoma kuwaka Linux zikisema "Verifying shim SBAT data failed". Waliokumbwa walishauriwa kuizima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kutoa amri ya mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha upya na kuingia Linux mara nyingine, kisha kuirudisha Secure Boot. Lakini tuwe waadilifu: mwaka 2020, masasisho ya kuziba tundu la GRUB lililoitwa BootHole yaliziacha baadhi ya kompyuta za Red Hat Enterprise Linux na CentOS zikiwa haziwaki, na safari hiyo Windows haikuwa na mkono wowote.

"Skrini nyeusi maana yake mfumo haukuwaka"

Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapokibonyeza, kerneli huenda iko hai na tatizo ni la picha tu. Jaribu Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukipata mahali pa kuandika jina na nywila, mfumo umewaka wote isipokuwa sura yake. Kwenye menyu ya GRUB, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ondoa maneno quiet na splash ili ujumbe wa mfumo uonekane, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari huo, kisha bonyeza F10. Nomodeset ni gongo la kukufikisha kwenye matengenezo ya draiva; ukiliacha humo moja kwa moja, utaishi na picha nzito na mwonekano duni.

"Kernel panic ni ugonjwa wa vifaa"

Kernel panic ni kerneli kukumbwa na kosa lisilovukika na kusimama, na wakati mwingine vifaa ndivyo chanzo. Lakini ujumbe wa panic unaoonekana mara nyingi baada ya kusasisha ni ule wenye maneno "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", na maana yake ni kwamba kerneli imefika mlangoni bila funguo: initramfs haipo au haikukamilika. Huenda sehemu ya /boot ilijaa sasisho likiwa katikati, au umeme ulikatika kabla ya faili kuandikwa lote. Kwenye menyu ya GRUB chagua kerneli ya zamani, ingia, tazama nafasi iliyobaki kwa df -h /boot, ondoa kerneli zisizotumika, kisha tengeneza furushi upya kwa update-initramfs -u -k all kama unatumia Ubuntu au Debian, au kwa dracut kama unatumia Fedora.

Vivyo hivyo kwa "emergency mode", hali ya dharura ambamo mfumo husimama na kukupa mahali pa kuandika amri tu, nayo hutisha kwa jina lake. Mara nyingi chanzo ni mstari wa faili la /etc/fstab, orodha ya diski za kupachikwa, unaotaja diski ambayo haipo tena, au sehemu iliyofomatiwa na kupata UUID mpya, yaani namba yake ya utambulisho. Systemd huisubiri kwa sekunde 90, ambazo ni muda wake wa kawaida, kisha hukata tamaa. Linganisha UUID hizo na zinazotolewa na blkid, na kwa diski ya nje weka neno nofail ili kukosekana kwake kusiuzuie mfumo mzima.

"Umeme ukikatika, endesha fsck haraka"

Mfumo wa mafaili wa ext4 huandika daftari la mabadiliko, na baada ya umeme kukatika hulisoma daftari hilo wenyewe na kujiweka sawa mara nyingi bila msaada. Fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, ikihitajika, iendeshwe sehemu hiyo ya diski ikiwa haijapachikwa, yaani kutoka kwenye flashi, kwani kurekebisha sehemu inayotumika kunaweza kuharibu hata kilichokuwa kizima. Na kama skrini inajaa maneno "I/O error", usiiguse fsck kabisa, maana huenda diski yenyewe ndiyo inayokufa na kila kuisoma kunaimaliza. Thibitisha kwa smartctl, inayosoma afya ya diski, vuta nakala ya diski nzima kwa ddrescue kwenda kwenye diski nyingine yenye afya, kisha ufanye matengenezo yote juu ya nakala hiyo.