Si kwamba wamechoka kuishi

Pale steji ya bodaboda Kongowea, simu ikionyesha mbio za pikipiki za Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, lazima mmoja aseme: "Hawa wamechoka kuishi." Sivyo. Anayetaka kufa hakariri kona zaidi ya 200 katika barabara ya kilomita 60, hadi kiraka cha lami na ukuta wa mawe unaopita karibu na bega. Huachiliwa mmoja mmoja, kila sekunde 10, kushindana na saa. Kwa kasi ile akili haina nafasi ya deni wala ugomvi; utulivu huo ndio wengi huufuata. Hatari wanaijua: waliofia njia hiyo tangu 1911 wamepita 250. Mwendeshaji Joey Dunlop alishinda pale mara 26, akafa mbioni Estonia, 2000.