Friza Imeungua, Nani Alipe? Dhana Potofu Kuhusu Madai ya Bidhaa Mbovu Uganda

Wanunuzi wengi nchini Uganda, wakishaonyeshwa maandishi kwenye risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, hukata tamaa na kuondoka na hasara yao. Kwa maoni yangu, hakuna dhana iliyowanyima watu haki zao kuliko hii. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 huingiza katika mkataba wa mauzo sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara iwe na ubora unaokubalika na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, hata kama hakuna aliyelitamka sharti hilo. Isitoshe, risiti hutolewa baada ya bei kukubaliwa na fedha kulipwa, na kanuni iliyothibitishwa na mahakama ya Uingereza mwaka 1949 katika kesi ya Olley dhidi ya Marlborough Court ni kwamba masharti yanayoletwa baada ya makubaliano kukamilika si sehemu ya mkataba. Hata hivyo, mnunuzi aliyeikagua bidhaa kabla ya kuinunua hawezi kuilalamikia baadaye kasoro ambayo angepaswa kuiona kwa macho.

Wauzaji nao hujitetea kwamba hawakuitengeneza bidhaa wala hawakujua kwamba ni mbovu. Utetezi huo hausimami katika madai ya mkataba, kwa sababu anayeuza huwajibika kwa ubora wa anachouza, awe na kosa au asiwe nalo.

Dhana inayohitaji maelezo zaidi ni ile isemayo kwamba kiwanda hulipa kila hasara. Tuchukue mfano wa mama anayeuza samaki mjini Arua, ambaye amenunua friza ya kuhifadhia samaki wanaotoka Panyimur katika Ziwa Albert. Usiku mmoja waya wa ndani unaungua, moto unachoma dari ya chumba, samaki wanaharibika, na biashara inasimama kwa wiki kadhaa. Hapo pana hasara za aina tatu: friza yenyewe, mali nyingine iliyoharibika, na faida aliyoikosa. Akimdai muuzaji kwa mkataba, anaweza kudai zote tatu, mradi hasara hizo ziwe ambazo pande mbili zingeweza kuzitarajia walipokubaliana, kama ilivyoamuliwa tangu mwaka 1854 katika kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale. Ndiyo maana ni muhimu sana mnunuzi amwambie muuzaji mapema kwamba friza anaitaka kwa biashara ya samaki.

Akimdai mtengenezaji ambaye hana mkataba naye, njia yake ni madai ya uzembe, yaliyofunguliwa na hukumu ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, naye atapaswa kuthibitisha uzembe wenyewe. Kwa njia hiyo anaweza kulipwa dari, samaki walioharibika na faida ambayo samaki hao wangeleta. Bei ya friza mbovu na faida ya mzigo ambao hakuwahi kuununua huhesabiwa kuwa hasara ya fedha tupu, yaani isiyotokana na kuharibika kwa mali yake nyingine, na kwa kawaida hailipwi. Mgawanyo huo ulionekana wazi nchini Uingereza katika hukumu ya mwaka 1972 kuhusu kiwanda cha chuma cha Spartan Steel kilichokatiwa umeme kwa uzembe wa watu wengine: kililipwa chuma kilichoharibika tanuruni pamoja na faida yake, lakini si faida ya kazi iliyokwama. Mahakama za Uganda hazifungwi na hukumu hiyo, bali huipa uzito kama mwongozo.

Wapo pia wanaoamini kwamba bila mkataba uliopigwa mihuri hakuna kesi. Ni kweli kwamba Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, lakini sheria hiyohiyo inautambua ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi. Kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp kuhusu bei na aina ya friza, pamoja na ujumbe wa malipo ya simu, vitunzwe. Friza iliyoungua isitupwe, na fundi asiifungue kabla haijapigwa picha pande zote, hasa plagi iliyoyeyuka na kibandiko chenye namba ya mashine. Daftari la mauzo ya kila siku nalo ni la lazima, kwa kuwa mahakama hutaka hasara mahususi, yaani ile inayohesabika kwa fedha, itajwe na kuthibitishwa kikamilifu.

Shirika la Viwango la Uganda lina uwezo wa kukamata bidhaa zisizofikia viwango, lakini kumlipa fidia mnunuzi si kazi yake. Kazi hiyo ni ya mahakama, ambayo wengi huiogopa wakidhani ni ya matajiri. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, kanuni za madai madogo za mwaka 2011 humruhusu mtu kujieleza mwenyewe bila wakili, baada ya kumpa mdaiwa notisi ya siku 14. Asichelewe tu: ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, nayo kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku bidhaa mbovu ilipokabidhiwa, si siku ilipoungua.