Kijiko kimoja kila dakika mbili

Bibi mmoja alishuka kutoka Kibosho asubuhi na mapema, mjukuu wa miezi saba mgongoni, amefungwa kwa kanga. Mtoto alikuwa ameharisha tangu jana yake mchana na kutapika usiku kucha. Mama yake alikuwa safarini kikazi, bibi ndiye aliyebaki naye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii dawa yenu haikai tumboni. Nikimpa anairudisha yote."

"Pole sana. Unampa kiasi gani kwa mara moja?"

"Kikombe. Ana kiu, anakimaliza chote. Halafu ndio hivyo."

Bibi alikuwa amefanya karibu kila kitu sawasawa. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, aliipata kwenye zahanati ya karibu, maji aliyachemsha yakapoa, akapima lita moja kamili. Kosa lilikuwa kile kikombe tu. Nimefanya kazi na watoto wagonjwa hapa Moshi muda wa kutosha kusema kwamba kikombe hicho kinawaangusha wazazi wengi kuliko uhaba wa dawa. Na sisi wahudumu tuna lawama yetu: tunampa mama pakiti mbili, tunamwambia "changanya na maji lita moja, mpe anywe," kisha tunamwita anayefuata. Ampe vipi, hatusemi.

Tumbo linaloumwa halipokei maji mengi kwa mpigo. Likijaa ghafla linajikunja na kuyarudisha. Mzazi akiona matapishi anaamua dawa imekataa, anaacha kunywesha, na kuanzia hapo mtoto anakauka. Wakati mtoto akitapika kinachotakiwa ni kusubiri dakika 10, kisha kuanza upya kwa mwendo wa taratibu zaidi. Hata akitapika tena, kuna kiasi kinachobaki ndani.

Hesabu yake ni hii. Mtoto aliyeanza kuonyesha dalili za kupungukiwa maji, lakini bado anaweza kunywa, hupewa mililita 75 za ORS kwa kila kilo ya uzito wake, ndani ya saa 4. Mjukuu yule alikuwa na kilo 7. Zidisha, unapata mililita 525, yaani nusu lita na kidogo. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, kwa hiyo ni vijiko 105 ndani ya dakika 240. Kijiko kimoja kila dakika mbili na ushee. Ukiitazama nusu lita ndani ya jagi unaona haiwezekani mtoto mdogo namna ile aimalize. Ukiigawa kwa kijiko, inawezekana.

Tulimweka bibi karibu na dirisha, mtoto mapajani akiwa ameinuliwa kichwa, kikombe kidogo na kijiko kando. Saa ya ukutani hakuiona vizuri, basi kila baada ya muda nilipita kumtajia dakika. Kuhesabu vijiko alikuwa na njia yake. Alitoa rozari mfukoni, na kila kijiko kikiingia akasogeza punje moja. Kumi moja la rozari ni vijiko 10, sawa na mililita 50. Rozari nzima ni vijiko 50. Akiizunguka mara mbili na kuongeza punje tano, kazi imekwisha. Mimi na kalamu yangu na karatasi ya kujaza nilikuwa nyuma yake. Mtoto alitapika mara moja mwanzoni, tukasubiri, tukaendelea. Rozari ilipokuwa katika mzunguko wa pili alikojoa, bibi akaniita kwa sauti iliyofanya wodi nzima igeuke.

Kwa mama asiye na mkono mtulivu, bomba la sindano la mililita 5, likiwa limetolewa sindano yake, linafaa kuliko kijiko. Lielekeze kwenye shavu la ndani, si kooni, usije ukampalia. Chupa ya kunyonyea sishauri. Inamfanya mtoto anywe haraka, na kuisafisha chupa hiyo katika nyumba yenye mgonjwa wa kuharisha ni kazi ngumu.

Watu huniuliza kwa nini maji matupu hayatoshi. Utumbo unaoharisha unapoteza maji na chumvi pamoja, na hata ukiwa mgonjwa bado una njia moja inayofanya kazi: chumvi na sukari zikifika pamoja kwa kiasi kinacholingana, ukuta wa utumbo huzivuta zote mbili, na maji hufuata nyuma yake. Pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6, pamoja na potasiamu na sitireti. Soda ina sukari inayokaribia au kuzidi gramu 100 kwa lita, na chumvi yake ni kama hakuna. Sukari ikizidi hivyo, mkondo unageuka: maji yanatolewa mwilini kuingia utumboni, mtoto anaharisha zaidi. Juisi za dukani zina tabia hiyo hiyo. Nimeona soda iliyokorogwa ili gesi itoke ikipewa mtoto kwa imani kwamba inatuliza tumbo. Gesi ilitoka, sukari ilibaki pale pale.

Mwaka 1971, mwaka ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa hapa Moshi, kipindupindu kililipuka kwenye kambi za wakimbizi wa vita ya Bangladesh waliovukia India. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis, aliyekuwa Bangaon, aliamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa na kuwanywesha wagonjwa. Vifo katika kundi lake vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Waliokuwa wakinywesha, kwa sehemu kubwa, ni ndugu wa wagonjwa wenyewe wakiwa na vikombe mkononi. Nakumbuka kisa hicho kila ndugu anaponishika mkono wodini na kuniomba "dripu tu, nesi." Dripu ni ya mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, au ambaye kijiko kimeshindwa kweli. Kwa mwingine yeyote ni sindano ya bure na safari ndefu kwa kitu ambacho kingefanyika jikoni.

Sasa maji ya kuchanganyia. Soma pakiti. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita na za mililita 200, na zote zinafanana ukiziona haraka. Chupa kubwa ya maji ambayo kila nyumba inayo mara nyingi ni ya lita moja na nusu, na ndiyo mtego: ukiijaza, dawa imepooza. Chupa ya nusu lita ni rafiki zaidi, ijaze mara mbili. Kosa la upande wa pili ni baya kuliko hilo. Ukimimina pakiti nzima kwenye kikombe ili "ikolee", chumvi inazidi na inaweza kumletea mtoto degedege. Kukorogea kidogo kidogo kwa kukadiria unga nako hakufai, kwa sababu huwezi kujua chumvi imekaa upande gani wa pakiti. Changanya yote kwa mara moja, funika, tumia ndani ya saa 24, itakayobaki mwaga. Usiichemshe baada ya kuchanganya.

Kama ni usiku na pakiti hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa bapa, vinaweza kukuvusha hadi asubuhi. Onja kwanza. Isiwe na chumvi kuliko machozi.

Ziwa la mama haliachwi hata saa moja. Kuna wanaoambiwa maziwa yamechafuka, au yamepata joto kwa mama kutembea juani, au yanaongeza kuharisha. Si kweli. Mtoto anayenyonya apewe ziwa mara nyingi zaidi, usiku na mchana, na ORS katikati. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji ya kawaida, wala maji ya glukosi, wala dawa ya mchango. Ziwa na ORS vinatosha. Mkubwa wa miezi 6 aendelee kula: uji, mtindi, ndizi zilizopondwa, mtori uliolainishwa na usiwe na mafuta mengi. Akikataa bakuli, mpe vijiko vitatu, rudi baada ya saa. (Na mama wa mtoto wa wiki tatu anayechafua nepi mara sita kwa siku, kinyesi laini cha njano, mtoto akinyonya vizuri na kuongezeka uzito: huyo haharishi. Ndivyo walivyo wanaonyonya.)

Baada ya kila choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka 2 ambaye hana dalili za kukauka apewe mililita 50 hadi 100 za ORS, kwa kijiko kile kile. Ni robo kikombe hadi nusu kikombe hivi.

Kujua kama anakauka kunataka macho na vidole. Mtoto mwenye kilo 7 akipoteza mililita 350 tu, hata vikombe viwili havifiki, tayari amepoteza asilimia 5 ya uzito wake. Tazama macho kama yameingia ndani. Bibi au mama anayemjua ndiye mwamuzi bora, maana kuna watoto macho yao ndivyo yalivyo. Shika utosi uone kama umebonyea, akiwa ametulia na ameketishwa. Akilia unajaa na kukudanganya. Bana ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, uachie. Ikirudi taratibu ni dalili. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hilo ni jambo la kukimbilia hospitali. Mtoto aliyekonda sana ngozi yake hurudi taratibu hata akiwa na maji ya kutosha, na huyo hatakiwi kutibiwa nyumbani kabisa, kwa kuwa kipimo chake ni tofauti.

Mkojo unasumbua zaidi kuupima siku hizi. Pampasi inaufyonza, na choo cha majimaji kinauficha, mama haelewi mtoto amekojoa saa ngapi. Wakati wa kuharisha mrudishie nepi ya kitambaa cha pamba, hata kipande cha khanga kuukuu. Utafua sana, lakini utaona. Saa 6 bila mkojo ni nyingi mno kwa mtoto mchanga.

Utosi uliobonyea una historia yake huku kwetu. Unapakwa dawa za majani, unafunikwa. Utosi umebonyea kwa sababu maji yamepungua, na utainuka yakirudi. Ukiupaka juu, ndani kunabaki kukavu. Kubaya zaidi ni meno ya plastiki, au ya nailoni kama wengine wanavyoyaita. Mtoto anaharisha na ana homa, mtu anamfungua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anasema hayo ndiyo yanayomharisha, anayang'oa kwa kitu chenye ncha. Ule uvimbe ni jino lake la kawaida ambalo bado halijatokeza. Anabaki na kidonda, anaweza kupata maambukizi ya damu, na hawezi tena kunyonya wakati ule ule ambao kunyonya ndiko kungemwokoa. Meno kuota hakuharishi mtoto kiasi cha kukauka. Kinachotokea ni kwamba umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni.

Dawa za kufunga tumbo za watu wazima zisimguse mtoto. Utumbo unaweza kusimama na uchafu ukabaki ndani. Flagyl na antibayotiki nyingine, zinazouzwa bila hata swali moja, hazigusi virusi, na kuharisha kwingi kwa watoto wachanga kunaletwa na virusi. Kirusi cha rota kina chanjo, matone ya mdomoni anayopewa mtoto kliniki akiwa na wiki 6 na wiki 10, nchini tangu 2013. Fungua kadi uangalie kama alipata yote mawili.

Usisubiri nyumbani kama ana chini ya miezi 2. Wala kama kuna damu kwenye choo, matapishi ya kijani, homa kali (atapimwa na malaria pia, hasa mkitokea tambarare), kama anatapika kila anachopewa hata kwa kijiko, amelegea, haamki vizuri, au ameshindwa kunyonya. Njiani, kwenye daladala au bodaboda ikisimama, ziwa na kijiko viendelee kama ana uwezo wa kumeza. Kutoka Kibosho au Uru hadi mjini mtoto anaweza kuingiza vijiko vingi kabla hajafika kwetu.

Bibi yule aliondoka jioni na vidonge vya zinki, kimoja kwa siku kwa siku 10, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kwa wa chini ya miezi 6 kwa kawaida ni nusu kidonge. Kuharisha hukoma mapema na wengi huacha siku ya tatu. Zinki ni ya kuutengeneza utumbo na kupunguza kuharisha kwa miezi inayofuata, imalizeni. Nilimwomba jambo moja, nanyi nawaomba hilo hilo. Mkija, njooni na ile pakiti tupu na chombo mlichochanganyia. Nikiviona hivyo viwili mezani najua haraka nianzie wapi.