Mchicha Haujakatazwa kwa Anayemeza Warfarini

Mimi ni mfamasia hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzungumza na watu wanaomeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo: wenye vali ya moyo ya chuma, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na waliowahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu. Wengi wao hufika dirishani wakiwa wamekwisha kuonywa na jirani, na wakati mwingine, jambo linaloniuma zaidi, na mhudumu wa afya mwenzangu, kwamba tangu siku ya kidonge cha kwanza wasiguse tena mchicha, kisamvu wala matembele. Juzi mama mmoja wa makamo alinieleza kwamba amelishika agizo hilo barabara na sasa anakula ugali kwa samaki wa kukaanga tu. INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, iliyotakiwa kuwa kati ya 2 na 3, ilikuwa imefika 4.8, na fizi zilikuwa zikimtoka damu kila alipopiga mswaki. Dozi yake haikuwa imebadilika, wala hakuwa ameanza dawa nyingine yoyote. Kilichobadilika ni chungu chake.

Mboga hizi za majani zina vitamini K nyingi, nayo ini huitumia kukamilisha baadhi ya protini zinazogandisha damu, yaani namba 2, 7, 9 na 10. Warfarini haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Huzuia ini lisiirejeshe vitamini K katika hali ya kutumika tena, na kwa hiyo protini mpya hutoka zikiwa hazijakamilika. Zile za zamani huendelea kuzunguka mpaka ziishe zenyewe: namba 7 hupungua kwa saa chache, lakini namba 2 huchukua siku mbili tatu kupungua kwa nusu tu, na ndiyo maana dawa huhitaji takriban siku tano au zaidi kabla ya kumlinda mtu ipasavyo. Dozi na mboga ni kama pande mbili za mizani. Daktari alipokupangia vidonge alifuata INR ya mtu anayekula kama wewe ulivyokuwa ukila wakati ule. Ukiondoa mboga zote, upande wa dawa unazidi na unaanza kutoka damu, na ukizirudisha zote kwa mkupuo, INR inashuka na damu inaweza kuganda kwenye vali.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa ni anakula mboga kiasi gani na mara ngapi kwa wiki, kisha dozi ifuate jibu lake. Mtu aliyezoea kisamvu cha nazi kila baada ya siku mbili aendelee nacho, na vidonge vyake vipangwe kwa kuzingatia hilo. Ninasisitiza kisamvu kwa sababu majani yakishatwangwa na kuchemshwa muda mrefu hunywea mno, na bakuli moja hubeba majani mengi kuliko jicho linavyokadiria. Nazi yenyewe haina neno. Zaidi ya hayo, anayekula vitamini K kidogo mno hukosa akiba mwilini, na INR yake hutikisika kwa jambo dogo kama kuharisha au kukosa hamu ya kula kwa siku chache. Marufuku inayodaiwa kumlinda ndiyo inayomwacha bila kinga.

Vitabu husema mgonjwa ale kiasi kilekile wiki zote, nami hurudia maneno hayo, lakini nina mashaka nayo. Mvua zikinyesha mchicha hujaa sokoni na fungu huwa kubwa kwa bei ndogo. Kiangazi kikikaza, fungu husinyaa na mama mwenye watoto watano hununua kinachopatikana. Ramadhani nayo hubadilisha sahani nzima, futari ikawa mihogo, viazi na maharage, na majani yakatoweka. Kumwagiza mtu wa namna hiyo asibadilishe chakula ni kumpa amri isiyo katika uwezo wake. Naona ni bora zaidi apimwe INR msimu unapobadilika na wiki ya pili ya mfungo, na kidonge akimeze baada ya kufuturu. Hata namba ya INR siichukulii kama msahafu: maabara mbili zinaweza kutoa majibu yanayopishana kwa mtu yuleyule, kwa hiyo napendelea apime mahali pamoja, na sishauri dozi ibadilishwe kwa sababu ya 3.2 moja iliyojitokeza baada ya miezi ya utulivu.

Wapo wanaoikataa dawa hii kwa kuwa ni sumu ya panya. Ni kweli kwamba iliuzwa kwa kazi hiyo Marekani kuanzia mwaka 1948, baada ya watafiti wa Wisconsin kuchunguza ng'ombe waliovuja damu kwa kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower alitibiwa nayo. Tofauti iko kwenye kipimo, nacho ndicho tunachokihangaikia kliniki.

Laiti hofu inayomwagwa juu ya mchicha ingehamia kwenye dawa za kununua dukani. Metronidazoli na kotrimoksazoli za kuua bakteria, na flukonazoli ya fangasi, hupandisha INR ndani ya siku chache tu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni hata INR ikiwa nzuri. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha INR kwa nguvu, na ikimalizwa lazima dozi ya warfarini ipunguzwe kwa uangalifu. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli, lakini ukiimeza kila siku kwa dozi kubwa nayo hupandisha INR, hivyo taja. Ukisahau kidonge na ukakumbuka siku hiyohiyo, kimeze. Ukikumbuka kesho yake, usimeze viwili. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema, kwa sababu dawa hii inaweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kunyonyesha hakuna tatizo.

Kuhusu vidonge vipya visivyohitaji INR, kama rivaroksabani, vinawafaa wengi, lakini havitumiki kwa mwenye vali ya chuma, na mwenye vali iliyobanwa na homa ya baridi yabisi bado analindwa vizuri zaidi na warfarini.

Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kuangukia kichwa hata bila jeraha, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, na daftari la INR liwe mkononi, ili anayekupokea ajue unameza warfarini kabla hajakuchoma sindano ya msuli.