Je, wajua kwa nini mabingwa wa vikombe vitatu walikaribia kushuka daraja mwaka uliofuata?

Oktoba 10, 2015, kwenye uwanja wa Old Trafford mjini Manchester, klabu ya raga ya Leeds Rhinos iliichapa Wigan 22-20 katika fainali kuu, mechi inayoamua bingwa wa ligi, mbele ya watazamaji 73,512. Ushindi huo ulikamilisha vikombe vitatu ndani ya msimu mmoja. Miezi tisa baadaye, klabu hiyohiyo ikiwa na kocha yuleyule, Brian McDermott, ilimaliza raundi ya kawaida ya ligi ikiwa ya 9 kati ya timu 12, ikapelekwa kwenye mchujo wa kupigania kubaki daraja la juu. Haikuwa imefilisika, na hakuna tajiri aliyekuja kuchota nyota wake wote. Sasa ilikuwaje?

Kwanza tuelewane ni mchezo gani. Raga inayofahamika zaidi kwetu, hasa kwa Wakenya na Shujaa wao, ni ile ya wachezaji 15 pamoja na mdogo wake wa wachezaji 7. Leeds Rhinos wanacheza raga ya ligi, yenye wachezaji 13. Mwaka 1895 klabu 22 za kaskazini mwa Uingereza zilikutana katika hoteli mjini Huddersfield zikajitenga na chama kikuu cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa vibarua wa migodi na viwanda vya nguo, na kila waliposafiri kucheza walipoteza mshahara wa siku hiyo. Klabu zilitaka kuwafidia, wakubwa wa London wakakataa. Kuanzia hapo kila upande ukashika njia yake, hata sheria zikaanza kutofautiana.

Sheria moja ndiyo itakayotusaidia kuelewa mkasa wa Leeds. Timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa na kuangushwa mara sita tu. Kila mchezaji akiangushwa, anainuka, anauburuza mpira nyuma kwa mguu, na mwenzake anaanza upya. Mara ya sita wakiangushwa bila kufunga, mpira unakwenda kwa wapinzani. Hapo kati ndipo wanapofanya kazi mapropu, wale majitu ya mbele. Propu anapokea mpira, anajitosa kwenye ukuta wa watu watatu waliomsubiri, anapata mita nane au kumi, anainuka, anarudi kwenye mstari kukaba, kisha anaombwa ajitose tena. Mtazamaji mgeni humwangalia winga anayekimbia na kufunga trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani kwa pointi nne, lakini winga huyo hana pa kukimbilia kama mapropu hawajasogeza timu mbele.

Sasa turudi Oktoba 2015. Filimbi ya mwisho ya Old Trafford ilipolia, Leeds iliagana na watu watatu kwa mpigo. Kevin Sinfield, nahodha tangu mwaka 2003 alipokuwa na umri wa miaka 22, ndiye aliyekuwa ameinua makombe yote saba ya fainali kuu ambayo klabu ilitwaa kati ya 2004 na 2015. Alihamia raga ya wachezaji 15 katika klabu ya Yorkshire Carnegie, ambayo, kama kwa kejeli, ilikuwa ikiutumia uwanja uleule wa Leeds, Headingley. Jamie Peacock, propu wa miaka 37 mwenye mataji tisa ya fainali kuu, matatu akiwa Bradford na sita akiwa Leeds, alitundika daluga. Kylie Leuluai, propu mwingine aliyevuka miaka 35, naye akatundika zake. Kwa maneno mengine, uti wa mgongo wa timu uliondoka usiku mmoja: mpiga mikwaju na mtoa maamuzi, pamoja na wawili kati ya wale wa kujitosa ukutani.

Shabiki atauliza: si wanunue wengine? Hapo ndipo raga ya ligi inapoachana na soka. Ligi yao, Super League, ina kikomo cha mishahara, na wakati huo kilikuwa kama pauni milioni 1.8 kwa kikosi kizima kwa mwaka. Kuna wanasoka wa Uingereza wanaolipwa zaidi ya hapo peke yao. Bingwa hawezi kutumia fedha za ubingwa kujaza pengo upesi. Leeds walimleta propu Keith Galloway kutoka Australia, mchezaji mzuri, lakini mtu hanunuliwi pamoja na miaka kumi ya kuzoeana na wenzake.

Kisha maji yakaja. Desemba 26, 2015, siku moja baada ya Krismasi, dhoruba iliyopewa jina Eva iliufurisha mto Aire. Kambi ya mazoezi ya klabu iko Kirkstall, kando ya mto huo. Viwanja na majengo yake yakazama. Kwa timu ya raga, Desemba na Januari ndio wakati wa kujenga miili na kupanga mbinu, kwa sababu ligi huanza Februari. Mabingwa wakawa watu wa kuhamahama, leo wanafanya mazoezi hapa, kesho pale, huku wenzao wakiamka asubuhi na kwenda kambini kwao kama kawaida.

Wengi huishia hapo: mafuriko ndiyo yaliyoiponza Leeds. Mimi naona maelezo hayo ni mepesi mno. Maji yalichangia, na yeyote aliyewahi kuandaa timu bila uwanja anajua shida yake. Lakini mafuriko yaliumiza kiasi kile kwa sababu yalikuja wakati klabu inahitaji mazoezi kuliko mwaka wowote mwingine. Kikosi kilichozoeana kinaweza kukosa kambi mwezi mzima na bado kikajua nani anasimama wapi. Kikosi kinachotafuta nahodha mpya, mpiga mikwaju mpya na mapropu wapya hakiwezi.

Msimu ulipoanza, dalili zilionekana mapema. Mechi ya kwanza ya ligi walipoteza nyumbani Headingley kwa Warrington, 12-10, tofauti ya pointi mbili tu. Tarehe 21 mwezi huohuo wa Februari wakawakaribisha mabingwa wa Australia, North Queensland Cowboys, wakachapwa 38-4. Unahodha ulikuwa umekwenda kwa Danny McGuire, mkongwe aliyestahili, lakini majeraha yalimweka nje kwa vipindi. Jordan Lilley, kijana wa miaka 19, akajikuta akiiongoza safu ya katikati ya timu bingwa.

Katikati ya msimu likaja pigo jingine. Zak Hardaker, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2015, alitolewa kwa mkopo kwenda Penrith Panthers ya Australia. Nafasi yake ya beki wa mwisho ikachukuliwa na Ashton Golding, naye wa miaka 19. Hesabu sasa nani aliyebaki.

Ukitaka kuona ukubwa wa tofauti hiyo, angalia namna Leeds walivyopata kikombe chao cha pili mwaka 2015, ile ngao anayopewa kinara wa ligi. Ilikuwa mechi ya mwisho, mjini Huddersfield, matokeo yakiwa 16-16. Sare ingeipeleka ngao Wigan. Sekunde za mwisho mpira ukapigwa kwa mguu kuelekea pembeni, winga Ryan Hall akaufukuza, akaugusisha chini: 20-16. Timu yenye watu wa kujiamini hufanya hivyo dakika ya 80. Ile ya 2016 ilifika dakika hizohizo na kupoteza mechi ambazo mwaka uliotangulia ingezikamata. Haikuwa timu mbovu, ila ilikosa wa kuiambia ifanye nini kukiwa na moto.

Mfumo wa ligi nao haukuwa na huruma. Kati ya 2015 na 2018 Super League ilichezwa hivi: baada ya raundi 23, timu nane za juu ziliendelea kugombea ubingwa, na nne za chini zikachanganywa na nne bora za daraja la pili. Pointi zilifutwa, kila mmoja akaanza na sifuri, mechi saba. Watatu wa kwanza walikuwa salama. Wa nne na wa tano walicheza mechi moja ya kufa na kupona, iliyopewa jina la Mechi ya Pauni Milioni. Waliobaki, daraja la pili. Mfumo mwingine ungewaacha walioshika nafasi ya 9 wamalize msimu kwa aibu tu, waende likizo. Huu uliwaweka mabingwa watetezi meza moja na timu za daraja la pili kama Leigh na London Broncos, ubingwa wao ukiwa hausaidii kitu.

Leeds walijikaza wakamaliza mchujo huo wakiwa juu ya wote. Waliokiona cha moto ni Hull KR. Oktoba 1, 2016, katika Mechi ya Pauni Milioni, walikuwa nyumbani kwao, wakiongoza Salford kwa pointi nane zikiwa zimebaki kama dakika mbili. Salford wakasawazisha, 18-18. Kwenye muda wa nyongeza, ambapo pointi ya kwanza inamaliza kila kitu, Gareth O'Brien akaupiga mpira kwa mguu kutoka mbali, ukapita katikati ya nguzo. 19-18, Hull KR wakashuka. Na unajua ni nani aliyekuwa meneja katika klabu hiyo, akaitoa daluga aliyokuwa ameitundika na kurudi kuichezea msimu huohuo? Jamie Peacock.

Mwaka 2017 Leeds walirudi. Machi walipokea kichapo cha 66-10 kutoka kwa Castleford, watu wakasema basi, msimu mwingine wa majonzi. Lakini McGuire alikuwa mzima, vijana walikuwa wamekomaa, na Oktoba 7 wakakutana na Castleford haohao kwenye fainali kuu na kuwafunga 24-6. McGuire alifunga trai mbili na dropu mbili, mikwaju ya kupitisha mpira katikati ya nguzo kama ule wa O'Brien, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Baada ya mechi hiyo yeye akahamia Hull KR, na mkongwe mwenzake Rob Burrow akastaafu.

Hapo ndipo ninapopata ushahidi wangu. Mwaka 2018 mto Aire haukuingia kambini. Klabu ilikuwa na viwanja vyake vya mazoezi, na McDermott alianza msimu kama kawaida. Kilichokosekana ni McGuire na Burrow. Leeds wakamaliza nafasi ya 9 tena, wakaingia kwenye mchujo uleule tena. McDermott alifukuzwa Julai, na klabu ikamrudisha Kevin Sinfield, safari hii kama mkurugenzi wa raga, kuja kuiokoa isishuke. Akaiokoa.