Kaisari si neno la Kijerumani

Wengi wetu, hasa tuliosoma historia ya Tanganyika chini ya Wajerumani, tumeamini kwamba Kaisari ni neno la Kijerumani lenye maana ya mfalme. Si ajabu: mtawala wa Berlin aliitwa Kaiser hadi 1918.

Asili yake ni Roma. "Caesar" lilikuwa kwanza jina la ukoo. Watawala waliofuata wakalirithi hadi likageuka cheo. Warumi wa kale walilitamka karibu na "kaisar", na Kijerumani, kilichoazima mapema, kimeitunza k hiyo kuliko hata Kiitaliano, mjukuu wa Kilatini. Wabulgaria na Warusi wakasema "tsar", Wapolandi "cesarz". Waingereza na Wafaransa walishika njia nyingine: emperor na empereur hutoka kwa "imperator", yaani jemadari.

Na Kaisari wetu? Yumo katika Injili, kwenye habari ya sarafu ya kodi, iliyoandikwa kwa Kigiriki karne nyingi kabla Mjerumani hajafika pwani. Waarabu nao husema "qaysar". Ukitaka kuhakiki mwenyewe, fungua kamusi inayoonyesha asili ya maneno, kisha tazama ni lugha ipi iliyoliandika neno mapema zaidi.